Alikuwa Amesimama

Jumanne, 10 Februari 1976

Wagonjwa thelathini na mmoja kabla ya saa sita. Malaria, malaria, kidonda cha mguu, malaria. Mvua haijakatika tangu Ijumaa. Daraja la magogo limechukuliwa na mto, kwa hiyo hakuna gari la Chunya wiki hii. Sekela, mhudumu wangu, amefua bandeji zote na hazikauki. Tumezitundika juu ya moto. Zahanati nzima inanuka moshi.

Asubuhi nimetumia sindano ya mwisho ya kuzuia damu. Mke wa mkulima wa tumbaku, uzazi wa nne, damu ilikuwa nyingi kidogo. Ningeweza kusubiri nione. Sikusubiri. Dawa nyingine zimeagizwa, lakini zitavuka wapi?

Jioni wameleta mzazi mwingine. Neema, uzazi wa kwanza, miaka kumi na tisa. Mumewe Lazaro anachimba dhahabu huko makambini. Wahehe wote wawili, walikuja mwaka juzi kutoka Ruaha Mbuyuni. Kijana mpole. Alimshika mkono mkewe tangu mlangoni mpaka kitandani. Nimemwambia akapumzike, mtoto bado.

Jumatano, 11 Februari

Neema amefariki saa tano asubuhi.

Mtoto alitoka saa tatu na nusu. Wa kike, mzima. Kisha damu. Nilikanda tumbo, nikatundika dripu, nikabana kwa ngumi mpaka mikono ikafa ganzi. Sindano hakuna. Iliyokuwepo nimeitumia jana.

Lazaro alikuwa nje chini ya bati. Nilitoka na damu mpaka viwikoni. Aliitazama mikono yangu tu.

Miaka kumi na sita ya ukunga. Akina mama saba wamenifia. Huyu wa nane. Nawajua wote kwa majina.

Ijumaa, 13 Februari

Tulimzika jana, mvua ikinyesha. Kaburi lilikuwa linajaa maji tukiwa bado tunaimba. Lazaro hakulia. Wakati wanarudishia udongo akaninyooshea kidole mbele ya watu wote.

"Huyu alikaa anamtazama mke wangu akiisha. Dawa alishampa mwingine."

Nadhani ni mdomo wa Sekela. Sijamuuliza. Nimuulize nini, na maneno ni ya kweli?

Mtoto amebaki zahanati. Hana jina. Mama Anna, jirani aliyejifungua mwezi uliopita, anamnyonyesha mara tatu kwa siku. Saa nyingine nampa maziwa ya kopo. Baba yake hajaja kumwona. Nimemtumia watu mara mbili.

Jumapili, 15 Februari

Lazaro alitusubiri nje ya kanisa. Amelewa gongo, panga mkononi. Watu walikuwa bado wanapeana mikono.

"Nesi! Na wewe utaisha hivyo hivyo. Polepole."

Wanaume walimshika wakamwondoa. Mwenyekiti wa kijiji ameniambia ni uchungu, utapita. Ameweka mgambo wawili wazunguke zahanati. Mchana mmoja wao alikuwa ameshakwenda kupalilia.

Naogopa. Naandika wazi kwa sababu hapa hakuna wa kunisikia. Mimi ni mjane, nakaa peke yangu, nyumba iko mbali na zahanati, njia ni moja, na mahindi ya pande zote mbili yamenipita kimo.

Jumatatu, 16 Februari

Nimetoa bunduki sandukuni. Ya marehemu mume wangu, mtutu mmoja. Alipofariki leseni iliandikwa jina langu, nilinde shamba. Nimewahi kupiga nguruwe wawili na nyani wengi. Risasi zimebaki tatu. Nimeisafisha, nimeijaza, nimeifunga kwenye kanga, nikaenda nayo kazini.

Sekela ameuliza. Nikamwambia nyani wameingia shambani.

Nyani hawajaonekana tangu mvua zianze. Sekela anajua.

Jumatano, 18 Februari

Hakuja.

Wachimbaji wawili waliokuja kutibiwa wamesema Lazaro anashinda ananoa panga, hali, haongei na mtu. Mmoja akaniambia, "Nesi, yule hatanii." Nimekwenda tena kwa Mwenyekiti. Amesema kesho atamwita mbele ya wazee.

Kesho.

Sijasali siku tatu. Nikifumba macho naiona ile njia.

Alhamisi, 19 Februari

Nimempiga Lazaro risasi. Saa kumi jioni, njiani, kwenye mahindi.

Yu hai. Yuko kitanda cha pili.

Nitaandika kesho.

Ijumaa, 20 Februari

Naandika ilivyokuwa, maana polisi watauliza.

Nilifunga zahanati saa kumi kasorobo. Mvua ilikuwa imetulia. Mtoto nilimwacha kwa Mama Anna. Bunduki begani. Katikati ya njia Lazaro akatoka kwenye mahindi, mbele yangu, kama hatua ishirini. Panga mkononi. Hakuwa amelewa. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Macho yalikuwa safi.

Nikasema, "Lazaro, rudi." Akaja. Nikashusha bunduki nikamwelekezea. "Rudi, baba, nakuomba." Akaja. Nikapiga kelele, hakuna aliyesikia, mahindi yanameza sauti. Alikuwa anakuja. Nikapiga.

Ilimpata tumboni upande wa kushoto, na pajani. Alikaa chini kama mtu aliyechoka. Nikatupa bunduki nikamkimbilia. Nilimkandamiza kwa kanga yangu na kuita mpaka mgambo wakaja. Tulimbeba juu ya mlango wa nyumba yangu.

Nimetoa marisau manne pajani, zile punje za risasi. Ya tumboni siwezi. Hayo ni ya daktari wa upasuaji, na daktari yuko Mbeya. Nimempa penisilini. Nimemtundikia dripu. Dawa ya maumivu sina ila aspirini. Tumbo limeanza kukaza.

Mwenyekiti ametuma mtu na baiskeli ajaribu kuvuka, aite gari na polisi.

Mkono uliompiga risasi ndio unaomchoma sindano. Naye ananyoosha wake nimchome.

Jumamosi, 21 Februari

Tumejaribu kumpeleka. Wanaume sita, machela ya miti na magunia. Tuliondoka kulipokucha. Nilitembea kando yake nimeshika chupa ya dripu juu, nikibadilisha mikono. Saa tatu za matope.

Mto ni kahawia, umejaa, unabeba miti mizima na mizizi yake. Mtu wa baiskeli tulimkuta upande wetu huu huu, ameshindwa, amekaa chini ya mti na baiskeli yake. Mmoja wa wabebaji akaingia kupima. Maji yalipomfika kifuani akarudi anatetemeka. Tukakaa kando ya mto tunautazama. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema turudi. Nikasema mimi.

Kwenda Lazaro hakulalamika. Kurudi alilia. Sijawahi kumwona akilia, hata siku ya mazishi.

Mmoja akanong'ona kwamba tunachoka bure kwa mtu aliyetaka kumuua nesi. Nilimfokea mpaka sauti ikakatika. Walidhani ni huruma.

Kuna jambo jingine naliandika hapa tu. Pale mtoni nilitamani afe kabla polisi hawajafika. Nikaitazama chupa ya dripu mkononi mwangu. Sikuishusha. Lakini nilitamani.

Mtu wa baiskeli amebaki kule. Anasema kesho atajaribu huko juu kwenye mawe, bila baiskeli.

Jumapili, 22 Februari

Sikwenda kanisani. Mchungaji amekuja mwenyewe baada ya ibada. Ameniambia Mungu amenilinda. Amesema hivyo Lazaro akiwa upande wa pili wa pazia, anasikia. Nilitaka kumtoa nje kwa kumshika koti.

Homa imepanda. Tumbo ni gumu kama ubao. Najua maana yake. Nadhani na yeye anajua.

Saa nane mchana Sekela alikwenda kula. Tulibaki wawili. Nilikuwa nabadilisha bandeji. Akaniangalia muda mrefu.

"Nesi. Nilikuwa nimesimama."

Nikasema, "Ndiyo."

"Uliona?"

"Niliona."

Akafumba macho. Nikamaliza kufunga bandeji.

Basi niandike. Niliyoandika Ijumaa si yote. Alikuwa anakuja, ndiyo, na panga juu. Nilipopiga kelele nilisema, "Mtoto wako utamwachia nani?" Hapo akasimama. Hatua tano kutoka kwangu, labda sita. Panga likashuka taratibu mpaka likagusa goti lake. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima na mzigo. Akanitazama. Hakusogea mbele, hakurudi nyuma.

Kulikuwa na muda. Si mwingi. Wa kuvuta pumzi moja. Niliivuta. Niliona amesimama, nikajua amesimama, nikapiga.

Kwa nini? Kwa sababu kesho angerudi. Kwa sababu nilikuwa nimechoka kuogopa. Kwa sababu kidole kilikuwa pale tangu Jumatatu kinasubiri. Kwa sababu alikuwa bado ameshika panga, na hatua tano ni kitu gani? Huenda angeanza tena kuja. Huenda angelitupa panga akakaa chini akalia, mimi nikaenda nikakaa naye. Sasa hakuna atakayejua kamwe. Mimi ndiye niliyezuia isijulikane.

Jumatatu, 23 Februari

Lazaro amefariki saa mbili asubuhi. Nilikuwepo. Hayo sitayaandika.

Saa nane polisi walifika. Sajini na askari wawili, wamevuka kwa kamba kule kwenye mawe, wamelowa mpaka kofia. Yule mtu wa baiskeli alifika. Siku moja amechelewa. Si kosa lake.

Wakaenda njiani wakapima hatua. Wakachukua panga na bunduki. Wakahoji watu. Wote wameeleza ya kanisani, ya makaburini, ya kunoa panga. Kabla zamu yangu haijafika Mwenyekiti akanivuta pembeni nyuma ya jiko.

"Mama, wewe sema alikuwa anakuja. Neno moja tu. Ukifungwa wewe, wake zetu watazalia wapi?"

Sajini akauliza, "Alikuwa anafanya nini ulipompiga?"

Nikasema, "Alikuwa anakuja."

Akaandika. Akanisomea. Nikatia sahihi. Sikutetemeka hata kidogo.

Kesho wananipeleka Mbeya. Daftari hili naliacha chini ya godoro.

Jumatatu, 1 Machi. Mbeya

Naandika kwenye karatasi ya kufungia mkate. Nitaibandika nikirudi.

Siku tano mahabusu. Simenti na baridi ya Mbeya. Tulikuwa wanawake wanne. Mmoja alikamatwa na gongo, akanigawia nusu ya blanketi lake. Waliponiuliza nimefanya nini nikasema nimeua mtu. Wakanisogezea sehemu nzuri, mbali na ndoo. Hiyo ndiyo heshima niliyopata.

Leo asubuhi Inspekta ameniita ofisini. Mtu mwenye adabu, amenipa kiti. Amesema jalada limekwenda kwa mwanasheria wa serikali lakini yeye haoni kesi. Mtu alitishia kuua mbele ya mashahidi, akamvizia mwanamke njiani na panga, mwanamke akajihami.

"Nenda nyumbani, mama. Kahudumie watu."

Akanipa mkono. Niliushika nikimsubiri aulize swali moja zaidi. Angeuliza ningejibu. Nina hakika ningejibu. Hakuuliza. Akaita askari wa kunifungulia mlango.

Nje ukungu ulikuwa umefunika mlima wote. Wanawake wanauza viazi barabarani, wanacheka. Nimetapika kando ya ukuta. Mama mmoja akaniletea maji akaniuliza kama ni mimba. Na umri wangu huu.

Jumatano, 3 Machi

Nimerudi kijijini. Maji yamepungua, lori linavuka. Wamenipokea kwa vigelegele. Wanawake walikuwa wamepanga foleni kama harusi. Nimepita katikati yao nikafunga mlango. Mlango mpya. Ule mwingine wameuchoma kwa sababu ya damu.

Lazaro wamemzika kando ya Neema. Mwenyekiti amekwisha kumwandikia mama yake huko Mbuyuni. Ameandika kwamba ni ajali ya bunduki.

Mtoto ameongezeka. Ananitazama usoni sasa, anakunja uso kama anasoma kitu. Wazee wameamua aende kwa bibi yake, ndiko kwao. Mwenyekiti alitaka kumtuma ndugu yake ampeleke.

Nikasema, "Nitampeleka mimi."

"Wakijua, watakuua."

"Watajua. Nitawaambia."

Akaniangalia kama mgonjwa wa akili. Labda ndiyo.

Jumamosi, 6 Machi. Iringa

Basi tangu alfajiri. Makambako kulikuwa na baridi ya kuuma, nikamtia mtoto ndani ya sweta langu, ngozi kwa ngozi. Abiria wanawake wamempokezana njia nzima. Wameniuliza kama ni mjukuu. Nimesema ndiyo. Mmoja akasema amefanana na mimi. Nikageukia dirishani.

Nimepata chumba karibu na stendi. Wamenichemshia maji ya maziwa yake. Amekunywa yote. Kesho tunateremka Mbuyuni.

Nikiwa na akili zangu zote naandika: kama watanifanya lolote kesho, wasisumbuliwe. Nimekwenda kwa miguu yangu.

Jumatatu, 8 Machi. Iringa

Yamepita.

Mbuyuni ni joto. Nilivua sweta kabla hatujamaliza kushuka mlima wa Kitonga. Nilipouliza kwa mama yake Lazaro wakanionyesha nyumba karibu na mashamba ya vitunguu. Matanga yalikuwa yamekwisha lakini ndugu walikuwa bado wapo, wanaume kama wanane kwenye mkeka. Mama Lazaro ni mfupi, mkavu, mikono imekauka kwa udongo. Nikamwamkia kwa salamu ya kwao, "Kamwene," akaitikia. Nikampa mtoto. Akamfungua nguo zote palepale. Akatazama vidole, masikio, kisogo.

"Masikio ya baba yake," akasema. Wanawake wakaanza kulia.

Nikamwomba tuongee peke yetu. Akanipeleka nyuma ya nyumba walikoanika vitunguu. Akakaa akaanza kuvichambua, mtoto mapajani. Nikapiga magoti. Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia ya sindano, ya kanisani, ya njiani. Nikamwambia si ajali. Nikamwambia, "Mama, alikuwa anakuja, halafu akasimama. Nilimpiga akiwa amesimama."

Mikono yake haikuacha kazi. Kitunguu, ganda, kikapu. Kitunguu, ganda, kikapu.

"Panga alikuwa nalo?"

"Alikuwa nalo."

"Juu au chini?"

"Chini."

Wanaume kule mbele walikuwa wanaongea habari za lori. Angepaza sauti mara moja tu wangekuja.

"Polisi wanajua?"

"Hawajui kwamba alisimama."

"Ungeweza kukaa nalo mwenyewe."

"Nimeshindwa, mama."

"Kwa hiyo umeniletea mimi."

Ni kweli. Nilibeba mzigo wangu Chunya yote, Mbeya, Iringa, nikaenda kumtwisha mwanamke aliyezikiwa mwanawe bila kumwona.

Akainuka. Akasema, "Utakula. Kisha uende. Usilale hapa."

Alinipikia mwenyewe. Ugali na mboga ya majani. Alikaa mbele yangu nikila, akahakikisha nimemaliza. Halafu akanisindikiza mpaka barabarani, mtoto mgongoni, akasimamisha lori kwa mkono wake. Nilipogeuka alikuwa ameshaanza kurudi. Mtoto alikuwa amelala.

Jumanne, 9 Machi. Mbeya

Nimeshuka kwenye basi nikaenda moja kwa moja polisi. Inspekta alidhani nimefuata bunduki. Nikamwambia nimekuja kubadilisha maelezo yangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mama, unataka nini hasa?"

"Nataka iandikwe."

"Hatua tano. Panga mkononi. Alishaapa kukuua. Unajua mwanasheria atasema nini? Atasema kusimama si kuondoka."

"Labda. Lakini iandikwe kwamba alisimama."

Akaandika, taratibu, kama mtu anayemwandikia mtoto barua. Akaniuliza kwa nini sikusema mwanzo. Nikasema niliogopa. Akauliza sasa siogopi? Nikasema naogopa zaidi, lakini kitu kingine.

Hakuniweka ndani. Nisubiri kijijini, nisitoke bila ruhusa. Bunduki nimemwambia sitaifuata.

Jumanne, 20 Aprili

Jibu limefika, limeletwa na Sajini yule yule. Amenisomea mbele ya Mwenyekiti. Mwanasheria ameona maelezo yote mawili. Hakuna mashtaka. Mtu mwenye hofu ya kweli ya kufa hawezi kutakiwa apime kila hatua kama fundi. Jalada limefungwa.

Mwenyekiti akashukuru Mungu kwa sauti. Mwezi mzima alikuwa hasemi na mimi, kwa kuwa nilikwenda kinyume na neno lake. Leo amenipa mkono.

Sikufurahi. Sikulia. Sheria imeipima hofu yangu imeona inatosha. Siwezi kubishana nayo. Hofu ilikuwa ya kweli. Lakini ile pumzi moja haikuwa ya hofu. Niliivuta nikiwa nimetulia kabisa, na hapo ndipo sheria haiwezi kuingia. Nitakaa hapo peke yangu.

Wanaume wa hapa wananiamkia kwa mbali siku hizi, wanavua kofia. Hakuna anayenifokea foleni ikiwa ndefu. Wakiniletea wake zao wanaongea polepole, wanachagua maneno. Wananiogopa. Wenyewe wanaita heshima.

Nimeomba uhamisho. Sekela amelia. Nimeiondoa barua kabla haijaenda. Hakuna mkunga mwingine.

Jumamosi, 29 Mei

Kipupwe kimeanza. Asubuhi mkono unauma kwa baridi, mchana jua kali. Mahindi yamevunwa. Wazazi wawili wiki hii, wote salama.

Jana dereva wa lori la tumbaku ameniletea barua kutoka Mbuyuni. Mwandiko wa mwalimu, maneno ya Mama Lazaro. Mtoto mzima, anakaa akiegemezwa. Wamemwita Neema, jina la mama yake. Kisha mistari hii: "Ulinieleza alivyopigwa. Hukunieleza alivyokufa. Ulikuwepo, mimi sikuwepo. Niandikie. Usifiche."

Leo mchana nimefunga zahanati, nimekaa mezani, nimeandika.

Nimemwandikia kwamba Jumapili jioni aliomba mtoto, nikamlaza ubavuni mwake upande usio na jeraha, akamshika mguu kwa vidole viwili mpaka wote wakasinzia. Kwamba hakunilaani. Nilisubiri anilaani, hakufanya. Kwamba siku zote nilimnyima maji kwa sababu ya tumbo, nikimlowanisha midomo kwa kitambaa tu, na Jumatatu kulipokucha nikaona hakuna tena cha kulinda, nikampa kikombe kizima. Alikunywa chote akasema ni matamu. Kwamba baadaye aliongea Kihehe, kwa utulivu, muda mrefu, kama mtu anayeongea na mwingine aliyekaa karibu yake. Kihehe sikijui. Sikuelewa kitu ila neno moja, lile la kumwita mama, kwa kuwa linakaribiana na letu Wanyakyusa. Alilisema mara nyingi. Mara ya mwisho lilikuwa kama swali. Nikaitika. Sijui kama nilikuwa na haki ya kuitika. Niliitika tu, ili asikae bila jibu.

Hilo pia nimemwandikia.

Kurasa tatu. Nimezisoma mara moja, sikufuta kitu. Dereva anaondoka Jumatatu. Barua iko mezani, juu yake nimeweka kikombe isipeperuke, maana madirisha yako wazi.